Urithi wa Wajerumani Ukutani: Michoro ya Over-the-Rhine na Nafasi ya Mkazi Kuiamua

Anayepita Vine Street, katika mtaa wa Over-the-Rhine jijini Cincinnati, jimbo la Ohio, hukutana na mwanamume mwenye misuli iliyotuna, aliyechorwa ubavuni mwa jengo kwa mtindo wa mabango ya maonyesho ya zamani. Huyo ni Henry Holtgrewe, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyejipatia jina katika mji huu mwishoni mwa karne ya 19 kwa kunyanyua vitu ambavyo watu wa kawaida hawathubutu hata kuvisukuma. Husimuliwa kwamba aliwahi kubeba jukwaa likiwa na timu nzima ya besiboli ya Reds juu yake. Mchoro huo ni miongoni mwa kazi za shirika la ArtWorks, ambalo tangu mwaka 2007 limekuwa likichora kuta za mitaa ya Cincinnati kwa mikono ya vijana wanaolipwa na kuongozwa na wasanii waliobobea.

Umbali mfupi kutoka hapo, katika Republic Street, yupo mwanamume mwingine wa misuli. Huyu ni Ezzard Charles, bondia Mweusi aliyekulia Cincinnati, akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu mwaka 1949 na mwaka uliofuata akamshinda Joe Louis. Wageni wengi humpiga picha wakaenda zao. Wachache hujua kwamba barabara anayoilinda haikuitwa Republic tangu mwanzo. Hadi mwaka 1918 iliitwa Bremen, kwa jina la mji wa bandari ambao maelfu ya Wajerumani walipandia meli kuja Marekani.

Makala haya yanaeleza jinsi urithi wa Wajerumani ulivyofika kwenye kuta za mtaa huu, kwa nini kuuchora si jambo jepesi kama linavyoonekana, na ni katika hatua ipi neno la mkazi huwa na uzito. Yameandikwa kwa kuwazingatia wakazi wanaozungumza Kiswahili, ambao mara nyingi huuona mchoro ukiwa umekwisha kukauka.

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 1825 ulianza kuchimbwa mfereji wa Miami na Erie, ambao hatimaye, mwaka 1845, uliunganisha Mto Ohio na Ziwa Erie. Mashua zilivutwa na wanyama waliotembea kandokando ya maji. Mfereji ulipofika Cincinnati ulipinda ukakata mji, na upande wake wa kaskazini, mahali ambapo viwanja vilikuwa bado nafuu, Wajerumani walijenga. Kila aliyevuka madaraja kwenda kwao alisemwa kwa utani kuwa amevuka Mto Rhine. Utani ukawa jina, na jina likabaki hata baada ya mfereji kukauka. Leo juu ya njia yake ipo barabara pana ya Central Parkway, iliyofunguliwa mwaka 1928, na chini ya barabara hiyo yamo mahandaki ya reli ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1920 ukaachwa kabla treni hata moja haijabeba abiria.

Waliovuka daraja hawakuja na viwanda vya bia peke yake, ingawa ukisikiliza matangazo ya watalii utadhani hivyo. Sheria ya Ohio ya mwaka 1840 iliruhusu Kijerumani kufundishiwa katika shule za umma, na Cincinnati ikawa mojawapo ya miji ya kwanza nchini kuendesha shule za lugha mbili. Mwaka 1848, baada ya mapinduzi ya kudai uhuru na katiba kukwama Ulaya, Friedrich Hecker, mmoja wa viongozi wake, alifika hapa, na mwaka huohuo ikaundwa klabu ya kwanza ya mazoezi ya viungo ya aina ya Turner katika Marekani. Wanachama wa klabu hizo walikuwa wakijenga mwili na pia wakijadili siasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Wajerumani wa Cincinnati walijaza kikosi kizima, kile cha tisa cha jimbo la Ohio, wakaenda kupigana upande wa serikali ya Muungano, dhidi ya majimbo yaliyotaka kuuendeleza utumwa. Matamasha yao ya kwaya ndiyo yaliyochochea kujengwa kwa Music Hall, jumba la muziki lililofunguliwa mwaka 1878 na linalotumika hadi leo. Soko la Findlay, lililo katika mtaa huohuo, lilianza kuuza mwaka 1855.

Mwaka huo wa 1855 una kumbukumbu nyingine. Wakati wa uchaguzi wa mwezi Aprili, wafuasi wa chama kilichowachukia wahamiaji walivamia vituo vya kura vya Wajerumani, na wakazi wakaweka vizuizi kwenye daraja la Vine Street ili umati usivuke mfereji. Kwa siku kadhaa daraja lile lilikuwa mpaka.

Yote hayo yangeweza kuchorwa kwa rangi za furaha. Kilichofuata kinahitaji rangi nyingine.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Aprili 1917, kila kilichonuka Ujerumani kilitiliwa shaka. Ernst Kunwald, Mwaustria aliyekuwa kiongozi wa okestra ya Cincinnati, alikamatwa Desemba mwaka huo na baadaye akazuiliwa katika kambi ya Fort Oglethorpe, Georgia. Mwezi Aprili 1918 halmashauri ya jiji ilibadilisha majina ya barabara: German Street ikawa English Street, Berlin ikawa Woodward, Hamburg ikawa Stonewall, Bremen ikawa Republic. Katika kona ya 12th Street na Walnut Street, jengo la kampuni ya bima lililokuwa na sanamu ya mwanamke anayeitwa Germania liliguswa pia. Sanamu haikushushwa. Walibadilisha maandishi tu, naye akaitwa Columbia, na hivyo ndivyo anavyosomeka hata sasa. Mwaka 1919 bunge la Ohio lilipiga marufuku kufundisha Kijerumani kwa watoto walio chini ya darasa la nane, katika shule za umma na za binafsi. Mahakama Kuu ya Marekani ilizibatilisha sheria za namna hiyo mwaka 1923, lakini mwalimu aliyekwisha kufukuzwa na mtoto aliyekwisha kuzoea kunyamaza hawarudishwi na hukumu. Kisha marufuku ya pombe ikaja, ikafunga viwanda vya bia na kazi zilizovitegemea.

Kwa hiyo mchoro unaoonyesha urithi wa Kijerumani katika Over-the-Rhine hauwezi kulinganishwa na bango la mgahawa. Kwa namna fulani unarudisha kilichofutwa kwa azimio la halmashauri. Hata vibao vidogo vinavyoonyesha jina la zamani, ambavyo viliongezwa miaka mingi baadaye chini ya vibao vya majina ya sasa, vina maana hiyo. Katika Republic Street, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kibao hicho kidogo kinaeleza mengi kuliko kuta kadhaa zilizochorwa.

Hapa msomaji aliyelelewa Songea, Kigali au Bujumbura ana haki ya kuuliza: mbona tuwasherehekee Wajerumani? Bibi na babu zetu waliwajua kwa kiboko, kwa kodi na kwa vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Swali hilo ni la haki na halipaswi kuonewa haya mkutanoni. Jibu lake limo katika tarehe. Koloni la Ujerumani katika Afrika Mashariki lilianza mwaka 1885. Familia nyingi zilizojenga mtaa huu zilikuwa zimeshaondoka Ulaya kabla ya hapo, baadhi yake zikiwakimbia watawala walewale waliokandamiza mapinduzi ya 1848. Urithi unaochorwa hapa ni wa wakimbizi, mafundi na wauza nyama, na anayeutazama anaruhusiwa kuukumbuka na ule mwingine pia. Sisi wenyewe tunapowapeleka watoto “shule” tunatamka neno la Kijerumani bila kujitambua, na wazee waliohesabu “hela” walikuwa wakihesabu sarafu yao.

Swali gumu zaidi ni la wale waliokaa mtaani baada ya Wajerumani kuondoka. Mwaka 1900 Over-the-Rhine ilikuwa na watu wapatao 45,000. Wajerumani walipopata uwezo walipanda kwenda vilimani, na nyumba zao zikapokea maskini kutoka milima ya Appalachia, kisha familia za Watu Weusi. Wengi wa hawa wa mwisho walitoka West End, mtaa wa jirani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 jiji lilibomoa eneo la Kenyon-Barr kupisha viwanda na barabara kuu, na zaidi ya watu 25,000 wakapoteza makazi. Kufikia mwaka 2000 Over-the-Rhine ilikuwa imebakiwa na wakazi kama 7,600, wengi wao Weusi na wenye kipato kidogo. Aprili 2001 polisi alimpiga risasi na kumuua Timothy Thomas, kijana wa miaka 19 asiyekuwa na silaha, katika mtaa huu, na ghasia za siku kadhaa zikafuata. Mwaka 2003 iliundwa kampuni ya maendeleo iitwayo 3CDC, na tangu hapo mamia ya nyumba yamekarabatiwa, migahawa imefunguliwa na kodi za nyumba zimepanda.

Fikiria basi mama aliyelipa kodi hapa kwa miaka 40, akaishi mtaani wakati ambapo hakuna benki iliyoutaka, akaona sasa jengo la jirani likisafishwa, likipandishwa bei, na ubavuni likichorwa Mjerumani wa karne ya 19. Anaweza kuusoma mchoro ule kama tangazo la mwenye nyumba halisi, na kwamba yeye alikuwa mpangaji wa mpito. Hofu hiyo haikuanza na michoro. Mtaa ulipoingizwa mwaka 1983 katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, watetezi wa makazi ya maskini walipinga, wakisema kwamba heshima kwa matofali itawahamisha watu. Aliyetembea Vine Street kabla ya 2001 na akatembea tena leo hawezi kusema walikosea kabisa.

Ndiyo maana Ezzard Charles katika iliyokuwa Bremen Street ni mchoro wenye maana kubwa, ikiwa aliyepachagua mahali alilifikiria hilo au la. Ndiyo maana pia James Brown, aliyerekodi nyimbo zake za awali katika kampuni ya King ya hapa Cincinnati, amepata ukuta wake Main Street. Upo pia mchoro wa kule Central Parkway unaostahili kutazamwa kwa utulivu: Jim Tarbell, mwanasiasa Mzungu anayependwa sana mjini, amechorwa akiwa amevaa mavazi rasmi na kofia ndefu ya Peanut Jim Shelton, mchuuzi Mweusi wa karanga aliyejulikana na kila mpenzi wa besiboli. Heshima kwa mchuuzi huyo ni ya dhati. Hata hivyo uso ulioko ukutani si wake, na mkazi akiuliza kwa nini, hajamkosea mtu adabu.

Sasa tuje kwenye utaratibu, kwa kuwa maswali ya namna hiyo yana wakati wake, na wakati huo si baada ya jukwaa la mafundi kushushwa.

Jambo la kwanza ni ukuta. Karibu michoro yote mikubwa iko kwenye majengo ya watu binafsi, na bila idhini ya maandishi ya mwenye jengo hakuna kinachoanza. Over-the-Rhine ni eneo la kihistoria linalolindwa pia na kanuni za jiji, kwa hiyo kubadilisha sura ya nje ya jengo huhitaji hati ya kuridhia kutoka mamlaka ya hifadhi ya majengo ya kihistoria. Katika maombi hayo hutazamwa hali ya matofali kuliko uzuri wa picha. Matofali ya karne ya 19 ni laini na yameungwa kwa chokaa. Yakipakwa rangi isiyopumua, unyevu hunaswa ndani, na baridi ya Januari inapougandisha, uso wa tofali hubanduka. Kwa sababu hiyo ukuta uliokwisha kupakwa rangi zamani hukubalika kwa urahisi kuliko ule ambao haujawahi kuguswa. Kabla ya msanii kufika, mfereji wa maji ya paa lazima uwe mzima na maungio yaliyotoka yawe yamezibwa. Mchoro mwingi unaosemekana umeharibiwa na jua umeharibiwa na bomba linalovuja.

Jambo la pili ni mada, na hapa ndipo mkazi anapopaswa kuwapo. Shirika linalochora hukutana na wakazi, mwenye jengo na wafadhili, husikiliza, kisha hutafuta msanii wa kusanifu. Baraza la mtaa hufanya mikutano iliyo wazi kwa wakazi, na barua yake ya kuunga mkono au kupinga ina uzito kwa wafadhili na kwa maofisa wa jiji. Katika mkutano wa kwanza mkazi anaweza kusema: katika jengo hili palikuwa na kinyozi wa Kiafrika-Amerika kwa miaka 30, je, atakuwa wapi katika picha? Akisema hivyo hivyo kwenye uzinduzi, atapigiwa makofi ya upole na mambo yataishia hapo. Baada ya msanii kuwasilisha mchoro wa mwisho na mfadhili kuutia sahihi, kubadilisha sura moja kunagharimu fedha, na kwa kawaida haibadiliki. Mkazi ambaye Kiingereza kinampa shida aombe mkalimani mapema, siku kadhaa kabla ya mkutano, kwa simu au kwa barua. Ombi la papo kwa papo mara nyingi hukosa mtu wa kulitekeleza.

Jambo la tatu ni kazi yenyewe. Njia mbili hutumika. Katika ya kwanza, picha hugawanywa kwa miraba, na kila mraba hukuzwa moja kwa moja ukutani. Katika ya pili, vipande hupakwa rangi ndani ya jengo juu ya kitambaa chepesi kinachofanana na cha mwavuli wa angani, kisha hubandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki kama karatasi ya ukuta. Njia ya pili humwezesha mtu mwenye ulemavu au mzee asiyeweza kupanda jukwaa kushiriki akiwa ameketi mezani, na wazazi wanafaa kulijua hilo. Vijana kuanzia miaka 14 huajiriwa na ArtWorks kwa malipo, hasa majira ya joto, na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Ni ajira halali, yenye ratiba na msimamizi, na kijana anayejifunza kuchanganya rangi huko anaondoka pia na barua ya mwajiri wa kwanza.

Kuhusu ulinzi wa kisheria pana kutoelewana kwingi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 humpa msanii haki ya kuzuia kazi yake yenye hadhi inayotambulika isiharibiwe, na pale ambapo kazi inaweza kuondolewa salama, mwenye jengo hutakiwa kumpa msanii taarifa ya siku 90. Si maneno matupu. Mjini New York mwenye jengo lililoitwa 5Pointz alizipaka kuta zake rangi nyeupe usiku mmoja wa mwaka 2013, na mwaka 2018 jaji akaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75, uamuzi ambao mahakama ya rufaa iliuthibitisha mwaka 2020. Lakini sheria hiyo humlinda msanii. Haiwalindi majirani. Na msanii akisaini mkataba wa kuachia haki hiyo, kama wengi wanavyoombwa kufanya, jengo likiuzwa kesho mnunuzi anaweza kuufuta mchoro mzima bila kumwuliza mtu. Mtaa unaotaka mchoro wake udumu hauna budi kudai, kabla ya tone la kwanza la rangi, kwamba mkataba na mwenye jengo utaje muda ambao ukuta hautaguswa, nani atalipia matengenezo, na nini kitafanyika jengo likibadilisha mikono. Tumeona mikataba ikinyamaza kuhusu hayo yote matatu.

Rangi nzuri ya akriliki iliyofunikwa kwa vanishi hudumu miaka 20 au zaidi. Kuta zinazotazama kusini hupauka mapema, na baadhi ya rangi nyekundu na njano hutangulia kufifia. Mkazi anayeona maandishi yamepulizwa juu ya mchoro asijaribu kuyafuta kwa tina wala kuyaosha kwa mashine ya maji ya shinikizo, hata kwa nia njema, kwa sababu huondoa vanishi na picha pamoja. Apige picha, aandike barabara na namba ya jengo lililo karibu, kisha apige simu 311, namba ya huduma za jiji zisizo za dharura, na kueleza kwamba kilichochafuliwa ni mchoro wa jumuiya na si ukuta mtupu. Asipolisema hilo, kikosi cha kusafisha kinaweza kufika na ndoo ya rangi ya kijivu. Mkalimani huombwa mwanzoni mwa simu kwa kutaja jina la lugha kwa Kiingereza: “Swahili.”